Pimamaji na Neno Kipaimara

Jina alilopewa na baba yake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kazini, mtaani, hata kanisani aliitwa Pimamaji, kwa sababu ya kile kifaa chenye kichupa cha maji na kiputo cha hewa ambacho mafundi waashi hukitumia kujua kama ukuta umekaa sawa au umeinama. Wenzake walikitoa kila baada ya mistari mitatu minne ya matofali. Yeye alikitoa kila tofali. Walimtania kwamba siku ya harusi yake alikiweka kwanza juu ya keki kabla ya kukubali ikatwe. Mkewe, mwanamke asiyeacha utani umpite, aliongeza kwamba hata yeye bibi harusi alipimwa, akaonekana ameinama kidogo, fundi akasema basi, huyu atarekebishika.

Alikuwa na miaka hamsini na minane. Kwa zaidi ya miaka arobaini alikuwa amejenga nyumba, visima, kuta za shule na ngazi nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka. Ulipotaka kumwelewa, ilitosha kujua jambo moja tu: hakupitisha ufa. Ukuta ukionyesha ufa mwembamba kama unywele, aliubomoa akaanza upya, mwenye nyumba apende asipende. "Ufa haudanganyi," alizoea kusema. "Anayedanganya ni chokaa."

Jumapili moja alasiri, mpwa wake alikuja kumtembelea akiwa na mtoto mchanga wa wiki saba na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mpwa huyu alikuwa mtoto wa marehemu dada yake. Mama yake alipofariki, binti alikuwa na miaka tisa, na Pimamaji alimchukua akamlea kama wa kwake. Sasa alikuwa mtu mzima, ameolewa, na kazi yake ilikuwa kutengeneza miwani katika duka moja karibu na soko. Alikaa kwenye kochi, akamlaza mtoto mapajani, akamwambia mjomba wake kwamba yeye na mumewe wamekubaliana: msimamizi wa ubatizo wa mtoto awe Pimamaji.

Fundi aliinama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Mpwa alicheka kidogo, akakunjua karatasi na kutoa kalamu. Alijaza jina. Akajaza umri. Akasoma mstari uliofuata kwa sauti, bila kuinua macho: tarehe ambayo msimamizi alipata sakramenti ya Kipaimara.

"Lini, mjomba? Hata mwaka tu unatosha."

Jikoni, mkewe Pimamaji aliacha kukoroga chungu.

"Sijapata," fundi alisema.

Mkewe akatokea mlangoni na mwiko mkononi. Alisema alidhani nyumba nzima inajua. Siku ya ndoa yao padre alimuuliza swali hilo hilo, akajibu kwamba ataipata mwaka huo huo, na mwaka huo haujaisha mpaka leo. Alisema kwa mzaha, lakini alipoona uso wa mumewe alirudi jikoni kwenye chungu chake.

Mpwa alikuwa amekwisha kuongea na paroko. Sheria haikuwa na mlango wa nyuma: anayemsimamia mwingine katika ubatizo lazima awe mwenyewe amepata Kipaimara. Ila askofu alikuwa anakuja baada ya wiki tisa kuwapa Kipaimara vijana wa parokia, na watu wazima waliopitwa wangeweza kujiunga na mafundisho ya kila Jumamosi. Wiki moja baada ya askofu kuondoka, mtoto angebatizwa. Siku hiyo isingeweza kusogezwa, kwa kuwa mume wa mpwa alikuwa amehamishiwa kazi mbali na familia ingeondoka naye. Pimamaji akishindwa, atasimama shemeji yake mpwa, kaka wa mumewe, mtu mwema mwenye maneno mengi.

"Nakutaka wewe, mjomba," mpwa alisema. "Shemeji nampenda, lakini hakunilea."

Basi Pimamaji alikubali. Usiku huo usingizi ulikawia kumchukua, kwa sababu alijua jambo ambalo hakumwambia mtu yeyote tangu akiwa na miaka kumi na minne.

Ukweli ni kwamba aliwahi kukaribia sana. Katika umri huo alimaliza mafundisho yote, na majibu ya katekisimu aliyajua kama njia ya kwenda kwao. Katekista wa siku zile, mzee mkali ambaye fimbo yake ilielekeza ubaoni zaidi kuliko ilivyochapa, aliwaonya wiki nzima kwa sentensi moja: Kipaimara ni kwa walio imara, asiye imara akienda mbele ya askofu anajidanganya. Wiki hiyo hiyo Pimamaji alikuwa amevunja kioo cha dirisha la darasa kwa jiwe, na aliyeadhibiwa ni rafiki yake wa dawati moja. Yeye alinyamaza. Jumapili ilipofika, walipangwa kwenye msururu nje ya kanisa, mashati meupe, rafiki mbele, yeye nyuma. Alitazama shingo ya rafiki yake, safi, imenyolewa vizuri, akajiuliza: mimi ni imara? Jibu halikuhitaji kufikiriwa. Alitoka kwenye msururu, akasema tumbo linamsokota, akaenda nyumbani kwa miguu.

Askofu aliporudi baada ya miaka mitatu, Pimamaji alikuwa tayari anabeba ndoo za zege kazini. Alijipima akaona hasira zake za ujana. Akasema bado. Miaka mingine ikapita, akajipima tena. Safari hii kulikuwa na ile miaka minne ya pombe iliyofuata kifo cha dada yake. Pombe aliiacha, lakini yalibaki maneno aliyomwambia mkewe ndani ya pombe ile, ambayo mke aliyasamehe na yeye hakuyasahau. Kila alipojichunguza alikuta ufa, na kama tulivyosema, hakuwa mtu wa kupitisha ufa.

Mafundisho yalifanyika katika ukumbi wa parokia, juu ya mabenchi yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto, kiasi kwamba Pimamaji alipokaa magoti yake yalipanda karibu na kidevu. Wenzake darasani walikuwa ishirini na watatu, wa miaka kumi na mitatu, kumi na minne. Jumamosi ya kwanza walidhani amekuja kurekebisha dirisha. Ya pili walimwita Babu. Ya tatu, binti mmoja mwenye mwandiko wa haraka alimwazima kalamu yake ya ziada na kumruhusu anakili kutoka daftari lake, kwa masharti kwamba asimwambie mtu kuwa humo ameandika "Roho" bila herufi kubwa.

Katekista alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mnyoofu wa mgongo. Siku za kazi alikaa kwenye dirisha la posta akigonga mihuri kwenye vifurushi, na vijana walisema hata dhambi angezigonga muhuri na kuzirudisha kwa mtumaji. Alikuwa mwalimu mzuri wa namna yake. Kila swali la katekisimu lilikuwa na jibu lake, na kila jibu lilikaa mahali pake kama barua ndani ya kisanduku. Ukikosea neno moja, unaanza upya. Pimamaji alimheshimu kwa hilo. Alitambua mtu asiyepitisha mstari uliopinda.

Jumamosi ya nne walifika kwenye somo la Kipaimara chenyewe. Katekista aliliandika neno hilo ubaoni kwa herufi kubwa, akauliza Kipaimara ni nini, na watoto wakajibu kwa pamoja kwamba ni sakramenti inayotuimarisha katika imani na kutujalia mapaji ya Roho Mtakatifu. Walirudia mara tatu. Mara ya nne, mkono mmoja mkubwa wenye saruji chini ya kucha ulinyooka nyuma ya darasa.

Pimamaji aliomba samahani kwanza. Akasema kwamba yeye ni mtu wa ujenzi, na mtu wa ujenzi akiletewa mchanga huuliza umechotwa mto gani kabla ya kuuchanganya. Jibu amelisikia, ni zuri. Ila hili neno Kipaimara lenyewe lilitoka wapi? Nani alilitunga, na alikuwa anafikiria nini?

Katika miaka kumi na mitano ya kufundisha, Katekista hakuwahi kuulizwa hivyo. Hakujua. Watoto ishirini na watatu walimgeukia kwa furaha ya watu wanaotazama glasi inayoteleza kuelekea ukingo wa meza.

"Mzee wangu," alisema, "hapa tunajifunza majibu."

Darasa liliangua kicheko. Pimamaji naye alitabasamu, maana kazini alikuwa ametaniwa kwa makali zaidi ya hayo. Lakini hakushusha mkono.

"Basi nisaidie kidogo tu, mwalimu. Imara ndiyo nini?"

"Imara ni mtu asiyetikisika," Katekista alisema, akiwa tayari amegeukia ubao. "Tuendelee."

Aliandika hivyo hivyo kwenye daftari lake: asiyetikisika. Akaliangalia neno lile mpaka kipindi kikaisha. Halafu akamrudishia binti kalamu yake, akamshukuru, na Jumamosi iliyofuata hakwenda. Wala iliyofuata hiyo.

Alimwambia mpwa wake amchukue shemeji. Alitegemea ugomvi, na kwa ugomvi alikuwa amejiandaa. Mpwa hakugomba. Alisema tu, "Sawa, mjomba," akaikunja ile karatasi mara nne kama ilivyokuwa, akairudisha mkobani bila kufuta jina wala kuongeza lingine. Mkewe Pimamaji siku hiyo hakutoa utani wowote, na nyumba ikawa kubwa kuliko ilivyojengwa.

Siku zile alikuwa anajenga zahanati ya ghorofa moja. Siku mbili kabla walikuwa wamemimina zege la sakafu ya juu, nao mafundi wengine mchana walishuka kula kivulini. Yeye alibaki juu na mpira wa maji. Alikuwa ametandaza magunia juu ya zege lote, na sasa alikuwa akiyalowesha moja baada ya jingine, polepole, bila kuruka kona.

Alisikia ngazi ya mbao ikilia. Kikatokea kichwa, kisha sare ya posta, kisha viatu ambavyo havikutengenezwa kwa ajili ya ngazi za mafundi. Alikuwa Katekista, katika saa yake ya mapumziko, akihema.

Pimamaji aligeuza ndoo tupu chini juu, akaifuta kwa kiganja, akamkaribisha aketi. Katekista aliketi. Hakuzunguka.

"Nimekuja kukuomba radhi. Nilikujibu vibaya mbele ya watoto kwa sababu sikujua, na sikutaka waone sijui."

"Hukunikosea, mwalimu. Ulinijibu kweli."

Hakumpa nafasi ya kubisha. Alimweleza yote, mpira wa maji ukiendelea kutiririka mkononi mwake: kioo cha dirisha, msururu, shingo ya rafiki yake, hasira, pombe, maneno. Akamwambia kwamba ameenda nyumbani na lile neno, asiyetikisika, akamtafuta mtu huyo ndani yake wiki mbili, na hakumwona. Afadhali shemeji asimame. Shemeji anaongea sana, lakini hana makosa.

Katekista alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba naye ametumia wiki mbili hizo kutafuta. Nyuma ya parokia aliishi padre mstaafu ambaye chumba chake kilijaa vitabu mpaka juu ya kabati, na alipomfikishia swali la Pimamaji, mzee yule alifurahi kama aliyeletewa mgeni. Alimweleza kwamba Wakristo wa kale waliozungumza Kilatini waliita sakramenti hii kwa jina lenye maana ya kutia uthabiti. Ilipobidi isemwe kwa Kiswahili, walioitafsiri hawakulikopa lile la Kilatini kama lilivyo, bali waliunganisha maneno ambayo mtu wa kawaida angeyaelewa: kitu ambacho hukupa uimara, kipa imara. Nani hasa aliyeliunganisha, padre hakujua, na hakutaka kubahatisha. Na neno imara lenyewe, alisema, lilitoka katika Kiarabu, kwenye ukoo wa maneno ya kujenga, kukaa mahali, na mahali hapo kustawi.

"Kwa hiyo ni neno la kazi yako," Katekista alisema. "Nilidhani utafurahi."

Pimamaji alifurahi, na alimshukuru sana kwa kujisumbua. Lakini alitikisa kichwa. Kama ni neno la majengo, alisema, basi ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu yeye anajua majengo. Jengo hukaguliwa. Mkaguzi akiona ufa hatii saini, hata akililiwa.

Katekista aliinuka kwenye ndoo. Alipoinuka aliona maji yamemfikia viatuni, akarudi nyuma hatua mbili, na labda kwa ajili ya kusema chochote tu, aliuliza kwa nini analimwagia maji zege ambalo limekwisha kukamilika.

Hakuna swali ambalo fundi angelipenda zaidi. Alizima mpira, akachuchumaa, akainua kona ya gunia kumwonyesha.

"Halijakamilika hili. Watu wanadhani zege linakuwa gumu kwa kukauka. Sivyo. Likikaushwa na jua haraka linapasuka vibaya, ungelia. Nguvu linaipata kwa maji. Tumelimimina juzi, leo ukiliwekea mzigo litavunjika. Tunalinywesha kila siku, wiki nzima, na hata tukiacha, linaendelea kukomaa mwezi mzima. Hata zaidi."

"Mlilimimina kabla halijawa imara?"

"Sasa, mwalimu." Alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemfundisha mgeni njia. "Litakuwaje imara kabla ya kumiminwa? Likiwa wapi? Kwenye mfuko wa saruji? Lazima kwanza ulimimine likiwa laini, ndipo..."

Mkono wake ulikuwa bado umeshika kona ya gunia.

Katekista alikuwa mwalimu mzuri kuliko hata yeye mwenyewe alivyojua, kwa sababu hakusema neno. Chini, mafundi walikuwa wakicheka jambo fulani. Upepo ulipeperusha vumbi la kokoto. Pimamaji alilishusha gunia taratibu, akalilaza sawa, akaliminya kwa kiganja ligusane na zege.

Zaidi ya miaka arobaini alikuwa amefanya kazi hii, na hakuwahi hata siku moja kumwambia mwenye nyumba asubiri nyumba iwe imara ndipo ijengwe. Angechekwa. Hata hivyo, ndilo jambo alilojiambia mwenyewe kila mara askofu alipokuja. Alikuwa ametumia kipimo cha ukuta uliokwisha jengwa juu ya kitu ambacho hakijamiminwa bado.

"Mtihani wa paroko ni lini?" aliuliza mwishoni.

"Jumamosi ijayo."

"Nimekosa somo moja tu, siyo?"

"Umekosa mawili, mzee wangu. Na lile la mapaji saba ni refu." Katekista alikuwa ameshaanza kushuka ngazi, kichwa chake tu kilibaki juu ya ukingo wa sakafu. "Yule binti wa kalamu anasema atakuazima daftari. Eti wewe unajua masharti."

Mapaji saba yalimtoa jasho. Alijifunza akichanganya udongo, akijikumbusha kwa kila koleo: hekima, akili, shauri. Kwa kila paji aliweka kokoto moja kando, na kwenye nguvu aliweka mbili ili asisahau. Mbele ya paroko alijibu kama kitabu kilivyosema, neno kwa neno, hakuongeza zege wala maji, maana alikuwa amekubali pia kwamba majibu nayo yana kazi yake. Paroko alitia alama, akamwambia apeleke jina la msimamizi wake mwenyewe. Kila anayepokea Kipaimara husimamiwa na mtu aliyekwisha kukipata, ambaye husimama nyuma yake na kumwekea mkono begani.

Hilo Pimamaji hakulifikiria. Watoto wale walikuwa na shangazi zao, kaka zao, majirani. Mkewe angefaa, lakini alipomwomba alikataa, akasema yeye tayari ana mkono begani kwake miaka thelathini na bega limezoea. Akamtajia ni nani wa kumwendea.

Alikwenda kwenye duka la miwani Jumatatu mchana, akiwa na nguo za kazi, akasimama mlangoni kwa sababu sakafu ilikuwa imeng'arishwa. Mpwa wake alikuwa akisugua ukingo wa lenzi kwa kijiwe kidogo. Mtoto alilala kwenye kikapu nyuma ya kaunta. Pimamaji alimweleza alichokuja kuomba, na kwa kuwa alikuwa ameamua kutoficha tena, akaongeza sababu zote za kumfanya akatae. Alianza na kioo. Alipofika kwenye ile miaka minne alianza kutafuta maneno.

"Nilikuwa na miaka tisa, mjomba," mpwa alisema, bila kuacha kusugua. "Sikuwa kipofu."

"Basi unajua."

"Najua. Najua pia nani alinisindikiza shule kila asubuhi, hata zile asubuhi ambazo yeye mwenyewe hakuona njia vizuri." Aliinua lenzi kwenye mwanga, akafunga jicho moja. "Nitasimama. Ila uvae viatu vingine siku hiyo."

Askofu alikuja siku aliyosema. Kanisa lilijaa, milango ikaachwa wazi kwa ajili ya hewa. Msururu ulipangwa kwenye njia ya katikati, watoto ishirini na watatu wamevaa nyeupe, na mwishoni mwao mtu mmoja mrefu mwenye mvi na suruali iliyopigwa pasi kupita kiasi. Nyuma ya kila mmoja alisimama msimamizi wake. Mtoto mchanga alikuwa amebaki kwa baba yake, kwenye benchi la tatu, pamoja na mkewe Pimamaji na yule shemeji, ambaye alikuwa akimweleza jirani yake jambo fulani hata wakati wa nyimbo.

Msururu ulisogea. Wakabaki watu kumi mbele yake, kisha sita. Walipobaki watatu, ikaja tena. Ilikuwa ile ile, ya miaka arobaini na minne iliyopita: haja ya kutoka, ya kusema anaumwa, ya kutembea mpaka nyumbani. Mlango wa pembeni ulikuwa hatua tano. Aliupima kwa macho, kwa mazoea. Magoti yake yalianza kucheza ndani ya suruali, na aliona aibu kwamba mtu wa umri wake, aliyetembea juu ya boriti za ghorofa bila kushika kitu, anatikisika kanisani mbele ya watoto.

Mkono uliokuwa begani mwake ulikuwa mwepesi. Sasa ukaongezeka uzito.

"Unatetemeka, mjomba," mpwa alinong'ona.

"Najua."

"Haya. Tusogee."

Wakasogea. Binti wa kalamu alipakwa mafuta, akageuka, akapita kando yake akiwa ametoa macho na paji la uso linang'aa. Kisha hapakuwa na mtu mbele. Askofu alikuwa mfupi kuliko alivyomdhania, na amechoka, na kidole gumba chake kilikuwa na joto. Aliuliza jina. Mpwa akalitaja jina lile la kwenye kitambulisho, lote, na kwa muda mfupi Pimamaji hakujua anayezungumziwa ni nani. Kidole kikamgusa kwenye paji la uso, kikachora msalaba. Mafuta yalinukia. Askofu alimtakia amani, naye alijibu kama alivyofundishwa. Magoti yalikuwa bado yanacheza alipogeuka kurudi benchini. Hayakumsumbua tena.

Katekista, aliyesimama kando ya nguzo na orodha ya majina, aliweka alama ya mwisho, akafunga kalamu.

Jumapili iliyofuata mtoto alibatizwa. Nyumbani kwa mpwa makasha yalikuwa tayari yamefungwa kwa kamba, na lori la kuhamia lingekuja keshokutwa yake. Pimamaji aliulizwa mbele ya watu kama yuko tayari kuwasaidia wazazi kumlea mtoto huyu katika imani, akasema yuko tayari. Mtoto alilala maji yakimwagwa, akalala akipakwa mafuta, akalala wakati shemeji akitoa hotuba fupi ambayo haikuwa fupi. Mkono wa fundi uliomshika ulikufa ganzi kuanzia kiwikoni. Mkewe alimwona akibadilisha miguu, akamnyooshea mikono ampokee, kisha mpwa naye akamnyooshea. Aliwatikisia kichwa wote wawili. Akaketi naye polepole kwenye benchi la mbele, akaegemeza kiwiko gotini, akasema wamwachie mtoto kwanza, hana haraka.